Jina Alilolikataa Rosenwald

Mei 2024, jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda lililoko kusini mwa jiji la Chicago, Marekani, lilianza rasmi kutumia jina jipya: Kenneth C. Griffin Museum of Science and Industry. Griffin ni bilionea wa masoko ya fedha, mwasisi wa kampuni ya uwekezaji ya Citadel. Mwaka 2019 aliliahidi jumba hilo dola milioni 125, zawadi kubwa kuliko zote lililowahi kupata, na jina likafuata zawadi. Mwaka 2022, kabla jina halijapanda ukutani, alikuwa ameshatangaza kuhamishia makao makuu ya kampuni yake Miami.

Kwa Marekani, hilo si jambo la kumshangaza mtu. Kinachoshangaza ni kwamba jumba hilohilo liliwahi kubeba jina la tajiri mwingine, na ni tajiri mwenyewe aliyetaka litolewe. Liliposajiliwa mwaka 1926 liliitwa Rosenwald Industrial Museum. Kabla milango haijafunguliwa, Julius Rosenwald, mwenye wazo na mwenye pesa, alishikilia kwamba jina lake liondoke. Tangu Griffin atangaze zawadi yake, wengi wameutumia uamuzi huo wa Rosenwald kama fimbo ya kumchapia. Nami fimbo hiyo naipenda, lakini ina ncha mbili, na ile ya pili haiguswi.

Wageni wa jumba husimuliwa hadithi nyingine, tena tamu. Mwaka 1911 familia ya Rosenwald ilikuwa Munich, Ujerumani. Kijana wao William, mwenye miaka minane, alikuwa akitoweka mara kwa mara, na kila akitafutwa anakutwa Deutsches Museum, akibonyeza vitufe na kuzungusha mipini ili aone mashine zikifanya kazi. Baba akaenda kuona ni nini kilichomteka mwanawe, akatekwa naye. Akarudi Chicago akitaka watoto wa mji wake wapate kitu kama kile.

Hadithi hiyo haina uongo, ila imepunguzwa mno. Deutsches Museum aliyoiona Rosenwald haikuwa na hata jengo lake la kudumu. Mhandisi wa umeme Oskar von Miller aliianzisha mwaka 1903, ikafungua maonyesho ya muda mwaka 1906, na jengo lake kwenye kisiwa cha mto Isar halikufunguliwa hadi Mei 1925. Kuhifadhi mashine kwenyewe hakukuwa jambo geni, kwa kuwa Paris ilikuwa na ghala lake la mashine tangu 1794. Jipya la Miller lilikuwa kumwachia mgeni aguse. Injini ilipasuliwa ubavu ili pistoni ionekane ikipanda na kushuka, na aliyetaka kuiona ikipanda ilibidi azungushe mpini mwenyewe. Mtoto asiyejua kusoma Kijerumani aliweza kutoka pale akiwa ameelewa kitu. Kwa hiyo Rosenwald alitoka Munich na namna ya kufundisha, na hilo lilimfaa, maana jengo hata Wajerumani wenyewe walikuwa bado hawana.

Alikuwa na sababu za kuvutiwa. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Ujerumani na kuanza maisha ya Marekani kwa uchuuzi. Julius alizaliwa Springfield, Illinois, mwaka 1862, akauza suti za kiume, kisha mwaka 1895 akanunua hisa katika Sears, Roebuck, kampuni iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa katalogi na kuzipeleka kwa posta na reli. Mwaka 1908 akawa rais wake. Mkulima wa nyika za Kansas aliagiza cherehani, jembe na jiko bila kumwona muuzaji, achilia mbali kiwanda kilichovitengeneza. Utajiri wa Rosenwald ulitokana na umbali huo kati ya mtu na kitu anachokitumia, na nadhani (hili ni langu, sikulisoma popote) jumba la aina ile lilikuwa namna yake ya kuupunguza.

Mwaka huohuo wa 1911 kulitokea jambo jingine ambalo ngano ya mtoto na vitufe huliacha nje. Mwezi Mei Rosenwald alikutana Chicago na Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee. Mazungumzo yao yalizaa mpango wa kujenga shule za watoto weusi katika majimbo ya Kusini, ambako serikali za wazungu ziliwatupia makombo. Hadi mpango unafungwa mwaka 1932, majengo zaidi ya 5,300 yalikuwa yamesimama katika majimbo 15. Rosenwald hakutoa pesa zote. Sharti lilikuwa jamii ichangie, na serikali ya mahali pale nayo itie mkono. Watu waliokuwa wakilima mashamba ya wengine kwa nusu ya mavuno walitoa ardhi, wakakata mbao, wakauza kuku na mayai, na hatimaye fedha zao, takriban dola milioni 4.7, zikazidi zile za Rosenwald, takriban milioni 4.3. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa. Ni harambee kwa kila hali, isipokuwa jina.

Shule zile hazikupewa jina lake kwa amri yake. Watu waliziita shule za Rosenwald wenyewe, na wengine wakatundika picha yake ukutani. Nasisitiza hili kwa sababu linaonyesha kwamba suala la jina la makumbusho halikuwa aibu ya mtu mpole. Kwa Rosenwald kitu chenye jina la tajiri kinaishia kuwa mzigo wa tajiri, na wengine hukaa pembeni wakisubiri alipe. Kama alitaka Chicago nzima ilibebe jumba, ilibidi Chicago nzima ione ni lake.

Na alikuwa akienda kinyume na desturi ya mji mzima. Chicago ilikuwa na Field Museum, jina la mfanyabiashara Marshall Field. Mwaka 1930 ikapata Shedd Aquarium, jina la John Shedd, aliyewahi kuongoza kampuni ya Field, na Adler Planetarium, jina la Max Adler. Huyo Adler alikuwa kigogo wa Sears, tena shemeji yake Rosenwald. Kwenye karamu za familia maana yake walikaa meza moja mtu aliyeweka jina lake mlangoni na mtu aliyelitoa. Ningelipa nauli kuyasikia mazungumzo yao.

Jengo lenyewe lina historia yake, nayo haiko safi. Mwaka 1893 Chicago iliandaa maonyesho ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus, yaliyovuta watu zaidi ya milioni 27. Majumba yake meupe yalionekana ya marumaru, lakini mengi yalikuwa plasta iliyochanganywa na nyuzi juu ya mifupa ya mbao na chuma, na moto wa mwaka 1894 uliyameza mengi yake. Kasri la sanaa, ambalo ndilo jengo la jumba letu, lilipona kwa sababu ya kibiashara kabisa. Wenye michoro ya thamani wasingeiazima bila jengo lisiloshika moto, ndipo mchoraji ramani Charles Atwood akaliwekea kuta za matofali chini ya ile plasta.

Maonyesho yale yaliwaweka Wamarekani weusi kando katika mipango na uongozi wake. Mwandishi wa habari Ida B. Wells na mpigania haki Frederick Douglass, wote weusi, walitoa kijitabu cha kueleza dunia kwa nini hawamo, nacho kikagawiwa kwenye banda la Haiti alilolisimamia Douglass, kwa kuwa Haiti ndiyo iliyompa nafasi nchi yake ilipomnyima. Miaka zaidi ya 30 baadaye, jengo lililobaki la maonyesho hayo liliokolewa kwa fedha za mtu aliyejenga shule nyingi za watoto weusi kuliko tajiri mwingine yeyote wa wakati wake. Historia haikupanga hivyo makusudi, ila imetokea.

Kabla ya Rosenwald, jengo lilikuwa na mpangaji, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tunaingia kidogo. Kuanzia 1894 hadi 1920 ndani yake mlikaa Field Museum. Carl Akeley, fundi wa kujaza ngozi za wanyama, alikuja Kenya ya leo mwaka 1905 pamoja na mkewe Delia, wakarudi Chicago na ngozi za ndovu. Wawili kati yao, mmoja akiwa ameuawa na Delia, walisimamishwa humo mwaka 1909 katika mkao wa kupigana. Jumba lililokuja kuwa la pistoni na turbini lilifahamika kwanza kwa ndovu wa kwetu, ambao sasa wako katika ukumbi mkuu wa jengo jipya la Field Museum katikati ya mji.

Field Museum ilipohama, kasri lilibaki gofu. Plasta ilikuwa ikidondoka vipande. Mchongaji Lorado Taft aliongoza kampeni ya kuliokoa, vyama vya wanawake vikamuunga mkono, na mamlaka ya bustani za kusini mwa mji ikaomba ridhaa ya wapiga kura kukopa dola milioni 5 kwa hati fungani ili kulikarabati. Wapiga kura wakakubali. Wakati huo jengo lilikuwa halijapangiwa hasa kuwa makumbusho ya viwanda. Yalitajwa mawazo ya sanamu, chuo cha ufundi na mengineyo. Naomba msomaji aikumbuke kura hiyo.

Rosenwald alikuwa amewaeleza wafanyabiashara wenzake wa Commercial Club wazo lake mwaka 1921. Walitikisa vichwa, wakarudi kwenye shughuli zao. Ilichukua miaka mitano na ahadi yake ya dola milioni 3 mwaka 1926 ndipo mambo yakaanza kusogea. Plasta ya nje ikabanduliwa na mawe ya chokaa kutoka Indiana yakachukua nafasi yake kwa umbo lilelile, na ndani kukajengwa upya kwa mtindo wa kisasa wa wakati huo.

Mkurugenzi wa kwanza aliajiriwa mwaka 1928: Waldemar Kaempffert, mhariri wa sayansi wa New York Times. Kwangu mimi huyu ndiye mtu wa kuvutia kuliko wote katika habari hii, na ndiye anayetajwa kidogo kuliko wote. Kaempffert alitaka mashine zionyeshwe pamoja na yale zilizowafanyia watu: kazi zilizokufa na zilizozaliwa, miji iliyovimba, maisha ya mfanyakazi. Alikusanya wataalamu, akatembelea makumbusho ya Ulaya, akaandaa mipango ya kina. Aligongana na bodi, iliyojaa wakuu wa viwanda, na mwaka 1931 akaondoka na kurudi kwenye gazeti lake. Tukiacha nani alimkosea nani, bodi ya wenye viwanda haiwezi kufurahia kwa muda mrefu jumba linalouliza viwanda vimewafanya nini wafanyakazi wake.

Rosenwald alifariki Januari 1932. Utajiri wake mkubwa ulikuwa hisa za Sears, na mdororo wa uchumi ulikuwa umeshaziporomosha. Jumba lilianza kupokea wageni mwaka 1933 likiwa halijakamilika, wakati Chicago ikifanya maonyesho mengine ya dunia, na kazi ya ndani iliendelea hadi mwaka 1940.

Kivutio cha kwanza kilikuwa mgodi wa makaa ya mawe, wazo lililofanana na mgodi wa mfano wa Munich. Vifaa vilikuwa halisi, vimetoka kwenye mgodi wa kusini mwa Illinois. Mgeni alishushwa kwa lifti ya wachimbaji na kupanda behewa gizani, na umati ukapanga foleni. Ni onyesho zuri, lipo hadi leo. Lakini Machi 1947 mlipuko wa mgodi wa Centralia, katika jimbo hilohilo, uliua wachimbaji 111, na Desemba 1951 mwingine wa Orient Namba 2 ukaua 119. Mgodi wa kupanda kwa furaha una uwezo wa kumfundisha mtoto jinsi makaa yanavyokatwa na kusafirishwa. Sidhani una uwezo wa kubeba habari kama hizo, na Kaempffert nadhani alikuwa na swali hilohilo kichwani.

Swali lilizikwa mwaka 1940 alipoingia Lenox Lohr. Huyu alikuwa mhandisi wa jeshi, meneja wa yale maonyesho ya dunia ya 1933, kisha rais wa shirika la redio la NBC. Alikuta jumba lisilo na pesa. Dawa yake ilitoka kwenye maonyesho aliyoyasimamia: kampuni zilipie kumbi zenyewe. General Motors ikaeleza magari, International Harvester ikaeleza kilimo, kampuni ya simu ikaeleza simu. Wataalamu wengi waliachishwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale vizuri na vibaya vilitembezwa pamoja, chini ya paa la makumbusho, na mtoto wa shule hakuwa na njia ya kuvitofautisha.

Nisimwonee Lohr, aliyekaa hadi 1968. Bila yeye huenda milango ingefungwa. Chini yake jumba lilijaa watu, na baadhi ya vitu alivyovileta havina mfano. Nyambizi ya Kijerumani U-505, iliyotekwa na jeshi la maji la Marekani Juni 4, 1944 nje ya pwani ya Afrika Magharibi, ilivutwa hadi Chicago na kuzinduliwa mwaka 1954 kama kumbukumbu ya mabaharia waliokufa vitani. Mwaka 1960 ikaja treni ya Pioneer Zephyr, ambayo Mei 1934 ilikimbia kutoka Denver hadi Chicago kwa siku moja. Kuhusu nyambizi na treni hakuna kampuni iliyokuwa na la kuficha, na ndiyo maana hadi leo ni maonyesho bora ya jumba.

Sasa nirudi kwenye ncha ya pili. Mwaka 1929 Rosenwald aliandika makala katika jarida la Atlantic kupinga mali zinazowekwa ziishi milele kwa masharti ya aliyeziweka. Sisi tunaijua taasisi hiyo kwa jina la wakfu: nyumba au shamba la minazi linalotengwa ili mapato yake yahudumie msikiti au madrasa vizazi na vizazi. Rosenwald hakuukubali umilele huo. Aliona kwamba shida za kesho watazijua watu wa kesho, watakaokuwa pia na matajiri wao, na kwamba maiti hapaswi kushika funguo za hazina. Mfuko wake mwenyewe aliuamuru utumike wote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Ulimalizika mwaka 1948, miaka 16 tu.

Kwa shule ya kijijini na kwa ufadhili wa masomo, falsafa hiyo ni nzuri mno. Mtoto akishasoma, fedha imefanya kazi yake. Makumbusho ni kitu kingine. Paa huvuja kila masika, nyambizi hushika kutu, mafundi hutaka mshahara, na mtoto anayebonyeza kitufe leo atafuatwa na mwingine kesho. Rosenwald alianzisha taasisi ya kudumu akiwa haamini fedha za kudumu. Pengo aliloliacha ndilo Lohr alilolijaza kwa kampuni, na ndilo Griffin alilolijaza kwa milioni 125. Na kwa mantiki ya Rosenwald mwenyewe, kizazi cha 2019 kilikuwa na haki ya kupatana na tajiri wake kwa masharti yake. Anayesema jina la Griffin ni usaliti wa mwanzilishi inabidi aeleze kwa nini matakwa ya marehemu yatubane kuhusu jina, ilhali marehemu mwenyewe alikataa yatubane kuhusu fedha.

Jibu langu ni kwamba matakwa hayo mawili hayana uzito sawa. Kukataa wakfu wa milele kulikuwa ni kuwaachia wajao uhuru. Kukataa jina kulikuwa ni uhuru uleule: ukuta mtupu haumfungi mtu, na kila anayekuja baadaye anaweza kuchangia bila kufanya kazi chini ya jina la mwingine. Jina likishachongwa, anayekuja na dola elfu kumi anachangia jumba la Griffin. Kwa hiyo waliouza jina mwaka 2019 hawakumsaliti marehemu, maana hilo angewasamehe. Walichokiuza ni nafasi ya wafadhili ambao hawajazaliwa.

Kuna wengine pia ambao hakuna aliyewauliza, nao ni wale wapiga kura. Jumba lilipoanza, dola milioni 3 za Rosenwald zilikutana na milioni 5 za mkopo wa umma, na ardhi ilikuwa na bado ni ya bustani za jiji. Kwa karibu miaka 60 mtu aliingia bure, akalipia vivutio vichache kama mgodi. Kiingilio kilianza kutozwa mwaka 1991. Kwa kuwa jumba liko kwenye ardhi ya umma, sheria ya Illinois inalilazimu kuwafungulia wakazi wa jimbo bila malipo siku 52 kwa mwaka. Siku zilizobaki, wajukuu wa waliokubali kukopa zile milioni 5 hupanga foleni ya tiketi.